Silikoni ya Sinki

Mwenye mashua wa siku hizi ana ushauri wa kila jambo, isipokuwa mshono unaovuja. Maji yakiingia, humtuma mtoto dukani akalete silikoni ya kuzibia sinki, akaikamua juu ya mbao iliyolowa, tena yenye shahamu ya mwaka juzi, kisha akasimama kando kama aliyeunda jahazi zima. Silikoni haishiki penye maji wala mafuta. Akitoka Lamu mjini, hajapita Shela imeshabanduka.

Fundi wa kukalafati yupo palepale ufukweni, chini ya mkwaju. Yeye hukwangua mshono hadi mbao iwe safi na kavu, akasokota pamba iliyolowa mafuta ya nazi, akaigongomea kwa patasi butu, kidogo kidogo, asiache tundu. Chombo kikirudi majini mbao huvimba, ikaibana pamba barabara. Lakini fundi ni ghali, bwana! Bora kuajiri kijana wa kufua maji safari nzima, mwaka mzima, na wageni nao wagawiwe makopo, waambiwe ndiyo mila ya pwani.