Mwana wa Mfalme Kibandani

Mimi sitaki makubwa: benchi lisiloyumba na jirani aliyefunga mdomo. Kibanda umiza cha hapa Nkwenda hakina hata kimoja. Ubao wa nje uliahidi Eddie Murphy, mapenzi na kicheko, shilingi mia tano, nikamchukua mama watoto tukajidai watu wa mjini.

Filamu yenyewe ni "Coming to America" ya 1988, wakati Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, anamkimbia mchumba aliyechaguliwa na wazazi, anakwenda New York kudeki mgahawa ili apendwe bila utajiri wa kwao kujulikana.

Diski ilivushwa kutoka Uganda kwenye mpaka wa Murongo, kwa hiyo VJ, mfasiri wa filamu wa Kampala, anapiga Kiganda juu ya sauti za waigizaji, na hapumziki hata wanapobusiana. Mwenye kibanda anamtafsiri VJ kwa Kiswahili. Mbele yangu mjukuu anamweleza bibi yake yote hayo kwa Kinyambo. Salamu ya Akeem kwa Lisa, msichana aliyempenda, ilipomfikia bibi ilikuwa na ng'ombe wanne ndani yake.

Hayo ningevumilia. Shida ni kwamba huku kwetu kila mtu ni mtaalamu wa ufalme. Mvumbuzi Mwingereza Speke alifika kwa mfalme wetu wa zamani, Rumanyika, mwaka 1861, akashika kipimo kumpima mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyenenepeshwa kwa maziwa. Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, ila wazee wa kibandani ni kama hawakupata barua.

"Mfalme gani huyu, uani hana hata ndama?"

"Mshenga yuko wapi? Kijana anajiposea mwenyewe, hana wajomba?"

Yule mchumba wa ikulu alipoamriwa abweke kama mbwa, naye akabweka, wanaume walipiga makofi. Wanawake walianza kudai warudishiwe mia tano zao. Mke wangu hakudai kitu. Alinitazama tu, na mimi nikatazama dari, ingawa kibanda kile hakina dari.

Halafu ikaja habari ya dola milioni. Mfalme anamtajia babake Lisa fedha hizo ili mambo yaishe, na mzee yule, muuza baga, anakataa! Hapo kibanda kizima kilisimama. Mzee mmoja ambaye buni yake ya msimu uliopita bado haijalipwa alikwenda hadi mbele ya televisheni, akanyoosha fimbo.

"Chukua, waitu! Chukua, binti atapata mwingine!"

Aliziba kioo mpaka mazungumzo yakaisha. Alipokaa, mwenye kibanda akabonyeza rimoti, tukaona uwanja na wachezaji wakipasha misuli.

"We kijana, mbona umekata? Lisa amemkubali au hakumkubali?"

"Wameoana, mzee. Sasa toa mia tano nyingine, hii ni ligi."