Shahada ya Mortadella

Mpango wa Erasmus ulianza 1987 ili vijana wa Ulaya wasome kwa muda katika vyuo vya nchi za wenzao. Kusoma, ndiyo, fomu ndivyo zinavyosema.

Mtazame basi Mjerumani aliyepelekwa Bologna, kwenye chuo kinachohesabu umri wake tangu 1088. Maktaba haimjui kwa sura. Wauza soseji za mortadella wa mitaa ya Quadrilatero wanamwita kwa jina. Ijumaa yuko kwenye treni ya Florence. Wiki ya pili yuko Lisbon, mdomo umejaa pastel de nata, akitangaza kuwa huo ndio mji bora duniani. Tangazo hilo hudumu mpaka afike Granada, ambako ukinunua kinywaji unaletewa na kisahani cha tapas bure. Kwa mwenye kuishi kwa posho, hoja hiyo haina jibu.

Tusimwonee. Desiderius Erasmus mwenyewe, msomi ambaye mpango huu una jina lake, alikwenda kusoma Paris mnamo 1495, katika Collège de Montaigu, na miaka 30 na ushei baadaye bado alikuwa akiyalalamikia kwa maandishi mayai viza ya huko.

Mzazi anayechangia gharama aache kuuliza habari za mitihani. Aulize tambi za tagliatelle zilikuwaje; atajibiwa kwa kirefu.