Usiulize Kitanda, Uliza Ngazi

Hoteli zote za Ulaya hupendeza kwenye simu. Shuka nyeupe, mito minne kwa kichwa kimoja, taulo iliyokunjwa ikawa bata. Mpiga picha hujibana kwenye pembe ya chumba, akachuchumaa, mradi chumba kionekane ukumbi. Kitu asichokupigia picha kamwe ni njia ya kukifikia chumba chenyewe. Na Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ukiambiwa umejengwa juu ya vilima saba, jua kwamba aliyehesabu alichoka akaishia hapo.

Tulikuwa tunakwenda kwenye mahafali ya binti wa shangazi yangu. Wasafiri walikuwa mimi, shangazi, na sanduku la shangazi, ambalo nalihesabu kuwa abiria kamili. Viza ya Schengen haikuruhusu ufike kwanza ndipo utafute pa kulala. Maombi yako sharti yaambatane na uthibitisho wa malazi. Kwa hiyo hoteli ya Lisbon ilichaguliwa Mombasa, Mji wa Kale, barazani kwa shangazi, simu ikipita mkono kwa mkono na kila jirani akitoa fatwa yake.

Binti mwenyewe anaishi huko katika chumba cha kupanga na wenzake, chumba ambacho hakiwezi kupokea mgeni hata akiwa paka. Alituandikia mapema: kaeni Baixa. Ushauri huo ulikuwa na historia ndefu nyuma yake. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamefurika, ardhi ya Lisbon ilitetemeka. Majengo yakaporomoka, bahari ikapanda kwa mawimbi kupitia Mto Tagus, na moto ukateketeza yaliyobaki. Waziri wa mfalme anayekumbukwa kwa cheo cha Marquês de Pombal alisimamia ujenzi mpya wa mji wa chini: barabara pana, zilizonyooka, zinazokatana kwa pembe mraba, na ndani ya kuta za nyumba fremu za mbao za kuhimili mtikisiko. Inasemekana fremu hizo zilijaribiwa kwa kuwaamuru wanajeshi wazizunguke wakipiga miguu chini kwa kishindo. Hiyo ndiyo Baixa. Mgeni anashuka kwenye teksi mlangoni, anavuta sanduku lake hatua chache, anafika.

Upande wa pili, kwenye mteremko ulio chini ya ngome ya São Jorge, mtaa wa Alfama ulisalimika kwa sehemu kubwa. Ulisalimika na vichochoro vyake, kona zake na ngazi zake. Kwa hivyo, Lisbon, anayeamua utalalaje si mwenye hoteli. Ni lile tetemeko la 1755: palipoanguka unatembea, palipobaki unapanda.

Shangazi hakutishika na tetemeko. Alizitazama picha za Baixa akakunja uso.

“Hapa hapakai watu,” akasema. “Madirisha yote haya, hata leso moja haikuanikwa?”

Nikamwonyesha Alfama. Kamba za nguo zilipita kutoka dirisha hadi dirisha, fulana za watoto, mashuka, taulo za jikoni.

“Eeh! Hapa ndipo. Mahali mtu anapoanika shuka lake nje, mwanangu, ukianguka utaokotwa.”

Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kanga, habishiwi. Nikabonyeza.

Teksi ilitushusha chini kabisa, karibu na mto, kwa sababu hapo ndipo barabara ya gari inapokomea. Dereva akatoa sanduku, akalipima uzito kwa mkono, akatutazama, akaelekeza kidevu juu. Tangazo la hoteli lilisema ni dakika tano kwa miguu kutoka mtoni. Hawakusema miguu ya nani.

Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja. Vinapendeza machoni. Vimesuguliwa na nyayo za vizazi mpaka vinang'aa, na mwenye kiatu cha soli laini anajikuta anateleza hata akiwa amesimama. Sanduku la magurudumu halikuumbwa kwa ajili ya vijiwe hivyo. Kufika kona ya kwanza, gurudumu moja lilinasa kati ya mawe mawili. Sanduku likaendelea na safari, gurudumu likabaki. Nikajitwika sanduku begani, na ndani yake kitu kizito kikanipiga sikioni.

“Shangazi, umebeba nini humu?”

“Kinu.”

“Kinu! Mpaka Ureno?”

“Na mchi wake. Wataka nitwange kitunguu thomu kwa kiatu?”

Tulipanda. Ngazi zikatufikisha kwenye kiuwanja chenye mti mmoja wa ndimu, na kwenye kiuwanja kile zikaanza ngazi nyingine. Watu wa Lisbon wenyewe wanaujua mji wao, ndiyo maana mwaka 1902 walifungua Elevador de Santa Justa, lifti ya chuma yenye urefu wa mita 45, ya kumtoa mtu Baixa na kumpandisha hadi Carmo. Lifti nzuri sana. Tatizo lake ni moja: iko kilima kingine.

Hoteli nayo ilikuwa nyumba ya zamani, na chumba chetu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Lifti haikuwepo wala hapakuwa na mahali pa kuiweka. Taa ya ngazini ilikuwa ya kubonyeza, inawaka kwa muda wake kisha inajizima yenyewe kubana matumizi ya umeme, na muda huo alipimiwa kijana asiyebeba kinu. Ikazimika tukiwa katikati. Wakati huohuo mgeni mmoja Mzungu alikuwa anashuka, akapapasa ukuta, akapapasa na buibui jeusi la shangazi lililokuwa linahema. Alitoa sauti isiyo ya lugha yoyote.

“Waalaikumu salaam,” shangazi akamjibu.

Chumba kilikuwa kile cha kwenye picha, ukiondoa ile pembe aliyochuchumaa mpiga picha. Lakini bafuni palikuwa na kitu ambacho tangazo halikukitaja kabisa: beseni dogo la kaure lililokaa chini karibu na choo, lenye bomba lake la maji moto na baridi. Watalii wengi hulitumia kulowekea fulana. Shangazi aliliangalia, akafungua maji, akatoka na uso wenye nuru. “Hawa wastaarabu,” akatangaza, na kuanzia hapo malalamiko yoyote juu ya hoteli ile yakawa marufuku.

Nami nilikuwa nayo malalamiko, kwa sababu usiku tuliofikia ulikuwa wa tarehe 12 Juni. Tarehe 13 ni siku ya Mtakatifu António, aliyezaliwa Lisbon, na mkesha wake husherehekewa mji mzima, Alfama ikiwa ndiyo kitovu. Mapambo ya karatasi za rangi hutundikwa kila kichochoro, muziki hufunguliwa, na majiko ya mkaa hutolewa nje kuchoma dagaa wakubwa wanene wanaotandazwa juu ya kipande cha mkate. Jiko moja lilikuwa chini ya dirisha letu. Moshi ukapanda, ukaingia, ukajitandika kitandani kabla yangu. Nikafunga dirisha, joto likanishinda. Nikafungua, spika ikanishinda. Nikamgeukia shangazi tulaani pamoja, nikakuta kitanda chake kitupu.

Alikuwa ameshashuka. Kutoka dirishani nilimwona amesimama mbele ya jiko, mkono kiunoni, akimtazama mchomaji kwa macho ambayo nimeyajua tangu utotoni.

“Anamgeuza mapema!” akanipigia kelele kutoka chini. “Ngozi itanata! Mwambie!”

Sikumwambia, maana Kireno sijui, na yeye hakunisubiri. Alimwonyesha kwa vidole: ngoja, ngoja, sasa. Dagaa akageuka mzima, hakuacha hata gamba kwenye chuma. Mchomaji akamtazama samaki, akamtazama shangazi, akamkabidhi koleo. Kikongwe wa nyumba ya jirani, aliyekuwa mlangoni pake akiuza ginjinha, pombe ya matunda mekundu inayonywewa kwa vikombe vidogo, akamkaribisha kimoja. Shangazi akakinusa, akakirudisha kwa adabu, akaketi naye kwenye kiti cha plastiki. Hawakuwa na lugha moja, lakini walikuwa na magoti yaleyale. Kila mmoja alilishika la kwake, akaelekeza ngazi, akatikisa kichwa. Wakaelewana zaidi ya wanadiplomasia. Usiku wa manane vijana wawili walimpandisha shangazi mpaka mlangoni kwetu, akiwa juu ya kiti chake, amekumbatia sahani ya samaki.

“Sikukwambia nitaokotwa?”

Nawe msafiri unayefuata, ukiwa huna shangazi wa aina hiyo, andika barua kwa mwenye hoteli kabla hujalipa. Usimuulize kitanda, vitanda vya Ulaya vyote ni vizuri. Muulize teksi inaishia wapi, lifti ipo au haipo, chumba kiko ghorofa ya ngapi, na mtakatifu gani anasherehekewa wiki hiyo chini ya dirisha. Akikujibu maswali yote manne bila kuzunguka, lipa siku hiyohiyo.

Baada ya mahafali binti akatutembeza. Belém, kwenye ukingo wa mto, palimfurahisha shangazi kwanza kwa kuwa tambarare. Ndani ya kanisa la watawa wa Jerónimos, karibu na mlango, liko kaburi la Vasco da Gama, sanamu yake imelala chali juu ya jiwe, viganja vimekutana kifuani. Alifariki Kochi, India, mwaka 1524. Masalia yake yaliwekwa hapa mwaka 1880. Shangazi, aliyekulia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, alimzunguka mara moja.

“Ndiye huyu?”

“Ndiye.”

“Sisi Mombasa tulimkatalia. Malindi ndio waliompa rubani.” Akainama kidogo kuelekea lile jiwe. “Malindi hawajambo, wanakusalimu.”

Lakini kilichomnyamazisha kilikuwa kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kale. Ndani ya kabati la kioo kuna chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, chote dhahabu na rangi, na katikati yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, wadogo wa kuhitaji miwani. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga pale na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Shangazi alimwambia binti yake amsomee maelezo yale mara ya pili, polepole.

Asubuhi ya kuondoka, kijana wa mapokezi akatupa hesabu. Chumba kilikuwa kimeshalipwa. Ilibaki kodi ya jiji kwa watalii, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku.

“Kodi?” shangazi akauliza. “Kodi ya nini?”

“Ya wageni, mama,” binti akamwambia. “Kila anayelala Lisbon hulipa.”

“Mwambie sisi tulishalipa. 1502. Ipo kwenye kabati la kioo, aende akaione.”

Binti alitafsiri neno kwa neno, Amir Ibrahim, mizinga na mitume wote. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akabofya hapa na pale kwenye kompyuta, kisha akasema anasikitika, mfumo haurudi nyuma kiasi hicho.

Nikatoa pesa. Shangazi akanidaka mkono.

“Ngoja. Risiti kwanza. Kilwa walitoa bila risiti, na 1505 Wareno wakarudi.”