Korea Haitaki Mtazamaji: Mambo Saba, Tunahesabu Kurudi Nyuma

Aliyeijua Korea Kusini kupitia tamthilia zilizotiwa sauti ya Kiswahili hushuka Seoul akitarajia vitu viwili: mvua, na kaka tajiri mwenye mwavuli. Mvua ipo, Julai inamwagika haswa. Kaka yuko kazini mpaka usiku. Kilichobaki ni nchi isiyokuacha usimame pembeni na simu yako: utavishwa, utanyamazishwa, utalishwa na, tukifika namba moja, utavuliwa.

7. Ufalme wa kukodi

Kasri la Gyeongbokgung lilijengwa 1395, likateketea 1592 Wajapani walipovamia, likajengwa upya 1867, kisha Wajapani wakarudi kama wakoloni na kubomoa sehemu kubwa. Kiingilio ni woni 3,000, ila aliyevaa hanbok, vazi lao la jadi, anapita bure. Ndiyo maana mitaa ya jirani imejaa maduka ya kukodisha mavazi, na uani mwa kasri wafalme ni wengi kuliko walinzi. Mpe mwanamume yeyote joho jekundu la kifalme, papo hapo anakunja uso kama anayewaza kodi ya wakulima. Raba zinazochungulia chini ya joho tutazisamehe. Jumanne usihangaike: kasri hufungwa, na mfalme asiye na kasri ni mtu tu aliyevaa gauni barabarani.

6. Bukchon, mtaa wa kunyamaza

Nyumba za mbao zenye mapaa ya vigae, vichochoro vya kupanda mlima, na watu wanaoishi humo kweli. Tangu Machi 2025, kwenye eneo lililoelemewa zaidi mgeni anaruhusiwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukizurura nje ya muda huo, faini ni woni 100,000. Wamefanya vizuri. Nani anapenda kutoka kutupa taka, nywele timtim, akute kundi la wageni limemlenga kamera?

5. Una miaka mingapi?

Utaulizwa mapema, usinune. Wakorea husema na mkubwa kwa namna moja na na mdogo kwa namna nyingine, kwa hiyo asiyejua umri wako hajui aanzie wapi. Sisi tuliolelewa na shikamoo hatuhitaji mkalimani hapo.

Hesabu yenyewe ilikuwa kichekesho. Mtoto alizaliwa tayari ana mwaka mmoja, na kila Januari mosi nchi nzima iliongeza mwaka kwa pamoja. Aliyezaliwa Desemba 31 aliamka kesho yake ana miaka miwili, jino hata moja hana. Juni 2023 sheria ikafuta mtindo huo katika shughuli rasmi, na taifa zima likapungua mwaka mmoja au miwili kwa siku moja. Maduka ya vipodozi ya Myeongdong, mtaa wa Seoul, yanaahidi jambo hilohilo kila siku.

Mezani, mpokee mkubwa kinywaji na ummiminie kwa mikono miwili. Mdogo akinywa soju, pombe yao, mbele ya wazee hugeuza uso pembeni. Kama hunywi, geuka na maji yako. Adabu haiulizi kilichomo kwenye glasi.

4. Mpaka wenye bembea

Vita vya Korea vilisimamishwa Julai 27, 1953. Vilisimamishwa tu, mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo. Kati ya Kaskazini na Kusini umelala ukanda wa urefu wa kilomita 248 na upana wa kilomita nne, usio na makazi ila vijiji viwili, kimoja kila upande. Beba pasipoti. Utavalishwa kofia ngumu na kushushwa katika handaki la tatu kugunduliwa, mwaka 1978, ambalo Kaskazini walilichimba kuelekea Seoul. Walipoulizwa, wakasema ni mgodi wa makaa ya mawe, na kuta zilikuwa zimepakwa vumbi jeusi kama ushahidi. Mwamba wa pale ni matale, hauna makaa. Mwanafunzi aliyenakili mtihani angejitetea vizuri zaidi.

Ukitoka huko, pale Imjingak ambako safari nyingi huanzia, kuna bustani ya watoto yenye mabembea na vyombo vya kuzunguka. Watoto wanapiga kelele za furaha, askari wako jirani. Nilitaka kutia mzaha hapa, nikaona wenyewe wameshanitangulia.

3. Pweza anayebishana

Soko la Gwangjang lilianza 1905. Kwanza tulia: kula chapati nene za choroko zinazosagwa palepale kwa jiwe na kukaangwa mpaka ukingo uwe mkavu. Halafu ndipo jirani yako wa benchi atakusogezea sannakji, vipande vya pweza mbichi aliyekatwa sasa hivi, vikiwa bado vinajinyonga ndani ya mafuta ya ufuta. Pweza wa Forodhani kule Zanzibar ni mstaarabu, anakufa kabla ya kuja mezani. Huyu anang'ang'ania sahani, na vijiti vyao ni vya chuma, vinateleza. Tafuna sana, tafuna tena, kwa sababu vinyonyeo hunata kooni na watu wamewahi kukabwa. Mimi naona ladha yote ni ya ufuta na ujasiri.

Anayetafuta chakula halali aende Itaewon, kuzunguka msikiti mkuu uliofunguliwa 1976.

2. Bibi anayekushinda pumzi

Kisiwani Jeju wageni hupanda Hallasan, mlima wa mita 1,947 unaozidi yote Korea Kusini kwa urefu. Sawa, pandeni. Mimi nitakuwa ufukweni kuwatazama haenyeo, wanawake wanaozamia bila mtungi wa hewa, hadi mita kumi, wakitafuta konokono wa baharini na pweza. Wengi wao wamepita miaka sitini. UNESCO waliwatambua 2016. Wakiibuka hutoa pumzi kwa mluzi mwembamba unaosikika mbali. Kisha wanapanda mawe, wanakukatia walichovua, na kukutazama wewe unayehema kwa ngazi za hoteli.

1. Uchi, bila mjadala

Jjimjilbang ni bafu la umma. Wanaume kwao, wanawake kwao, na nguo zinabaki kwenye kabati. Zote. Hakuna kona ya mwenye haya. Unaoga kwanza, unaloweka mwili kwenye maji ya moto, kisha msuguaji mwenye mikono ya seremala anakulaza na kukusugua kwa kitambaa cha kijani kinachokwaruza mpaka utoke taka ambazo ungeapa si zako.

Baada ya hapo unapewa fulana na kaptula, unaingia ukumbi wa wote, wake kwa waume, babu kwa mjukuu. Watu wamejinyoosha kwenye sakafu yenye joto, taulo wamezikunja kichwani kama pembe za kondoo. Agiza mayai yaliyookwa na sikhye, kinywaji baridi cha wali. Pesa huna haja ya kutoa. Kila unachokula kinaandikwa kwenye ufunguo uliofungwa mkononi. Deni unalipa mlangoni, ukiwa umeshavaa.