Kitabu Kipo Jikoni

Hongera, mwandishi mtarajiwa. Jalada lipo, na picha yako ya nyuma umeshika kidevu, unatazama mbali kama mtu anayedaiwa kodi ya pango. Tabaruku kwa mama ipo. Hata mgeni rasmi wa uzinduzi umeshamdokeza. Kimebaki kitu kidogo tu: sura ya pili hadi ya mwisho.

Tunaelewa, kazi zimekubana. Mwandishi wa riwaya Muhammed Said Abdulla naye alikuwa na kazi. Alihariri magazeti Zanzibar, na mwaka 1958 akakabidhiwa jarida la *Mkulima*. Hata hivyo riwaya yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikamalizika, ikashinda shindano la hadithi, ikatoka 1960. Labda ilimsaidia kwamba hakuwa na kompyuta mpakato ya kusubiri ainunue kwanza.

Basi malizia, hata vibaya. Mhariri hanyooshi riwaya iliyomo kichwani mwako. Kisha mpe asome mtu asiyekupenda sana. Mchumba atasifu hadi makosa ya tahajia. Na kabla ya kutuma muswada, tazama mchapishaji anachapa nini. Ukimpelekea diwani ya mapenzi mwenye vitabu vya hesabu vya darasa la nne, usije baraza la kahawa kututangazia kwamba fasihi imeuawa.

Unataka kujichapishia? Ruksa. Mwandishi Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Namba ya ISBN, kwa Tanzania, iombe Bodi ya Huduma za Maktaba. Fomu haiulizi kipaji. Ila anza na nakala chache. Elfu tatu zitalala kitandani, wewe sakafuni.