Jinsi ya Kuitwa Fundi wa Breki Bila Kuwa Fundi

Gari lako ni pikapu, tuseme Hilux, maana ndiyo iliyojaa barabarani kwetu. Ukikanyaga breki ukiwa kwenye 80 au 90, usukani unatetema mikononi, kanyagio linapiga chini ya mguu, na shemeji uliyempa lifti anatazama dashibodi kama anayehesabu dua zake. Unataka mambo mawili: mtetemo uishe, na shemeji akuheshimu. Yote mawili yanapatikana kwa jasho dogo kuliko unavyodhani. Fuata hatua hizi, na kama kuna mtu atauliza nani kakufundisha, sema umezaliwa nayo.

1. Acha kusema diski imepinda.

Hiyo ndiyo kauli ya kila mtu kijiweni, kwa hiyo haikupi cheo. Wewe nyamaza kidogo, kisha sema: "Nadhani unene wake umetofautiana." Utakuwa umesema kweli mara nyingi kuliko wao. Diski ya breki ni chuma kizito cha kumiminwa kwenye kalibu, hakipindi kirahisi. Kinachotokea ni kwamba sehemu moja ya uso wake imekuwa nene na nyingine nyembamba. Tofauti ya 0.02 mm, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele, yatosha kuisikia. Pedi ikifika penye unene inasukumwa nyuma, pistoni inarudi, mafuta ya breki yanasukuma kanyagio, na mguu wako unapata habari. Diski inazunguka mara nyingi kwa sekunde, ndiyo maana habari zenyewe hazikomi.

Ukitaka kukoleza, mtaje Carroll Smith, mhandisi wa magari ya mashindano kutoka Marekani, aliyeandika makala nzima kupinga imani ya diski zilizopinda. Akikuuliza mtu swali la pili, mwambie Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Baada ya hapo hakuna atakayeuliza la tatu.

2. Mtambue mkosaji ukiwa umekaa kwenye kiti.

Huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote, na hauhitaji spana. Mafundi wengi hufungua kwanza, wakafikiri baadaye, nawe ukalipia kufikiri kwao. Wewe fikiri kabla, bure.

Gari linatetema hata bila kugusa breki? Hizo si breki. Nenda kabalansi matairi, uangalie na rimu kama imegonga shimo.

Linatetema ukikanyaga tu, na mtetemo uko kwenye usukani? Anza na diski za mbele. Uko kwenye kiti na sakafu zaidi kuliko usukani? Shuku nyuma, na kwa Hilux nyingi nyuma kuna dramu. Hapo una kipimo cha hendibreki: tafuta barabara tupu, tambarare na kavu, hakikisha hakuna gari nyuma yako, nenda 40 hivi, halafu vuta hendibreki pole pole huku umeshikilia kitufe ili uweze kuiachia papo hapo. Kwenye Hilux hizo hendibreki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari likitetema, dramu zimepoteza uduara wake na umeokoa bei ya diski mbili za mbele zisizo na hatia. Usijaribu haya kwenye mvua, wala kwenye kona, wala mbele ya shemeji.

Na kama kanyagio linakwaruza na kugugumia pale tu unapofunga breki ghafla kwenye changarawe, huo ni mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge, uko kazini. Uache.

3. Kabla ya kumlaumu muuza spea, utazame mguu wako.

Chukua mteremko wa Kitonga, kwenye barabara kuu inayotoka Iringa kuja Morogoro. Dereva anashuka na gia kubwa, mguu juu ya breki tangu juu hadi chini. Anafika Ruaha Mbuyuni, anaona vitunguu vizuri, anasimama, na kwa kuwa hataki kuvuta hendibreki anaendelea kukanyaga huku akipatana bei kupitia dirishani. Kitunguu kinashuka bei, diski inapanda gharama. Pedi iliyopata moto inabanwa mahali pamoja pa diski iliyopata moto, na inaacha pale tabaka jembamba la malighafi yake. Kuanzia siku hiyo sehemu ile inashika breki kwa nguvu tofauti na nyingine, inapata joto zaidi, inajilimbikizia zaidi. Joto likizidi kiasi cha nyuzi 650 chuma chenyewe hubadilika pale pale, kikaota madoa magumu ya rangi ya buluu. Madoa hayo yanalika taratibu kuliko chuma kilichoyazunguka, kwa hiyo hata ukiyakereza leo, baada ya muda yanasimama tena juu ya wenzake.

Basi shuka na gia ndogo, ileile ambayo ungepandia. Kanyaga kwa nguvu kidogo, achia, kanyaga tena. Usiuweke mguu juu ya breki kama umeupangisha. Ukifika chini, endesha pole pole kilomita moja au mbili bila kugusa breki, upepo upite. Ukisimama, weka hendibreki, weka gia, ondoa mguu. Vitunguu vinunue ukiwa umeshuka. Bei yake huwa nzuri zaidi ukiwa umesimama. Na ukifika nyumbani usimruhusu kijana akumiminie ndoo ya maji ya baridi kwenye magurudumu yenye moto. Anza na bodi, magurudumu yawe mwisho.

4. Majani ya springi yana siri.

Hapa ndipo wengi hupotea, na hapa ndipo utakapong'ara. Pikapu imebeba lumbesa za viazi, nyuma ikazama, mwenyewe akaona aibu, akaongeza majani mawili ya springi. Sasa gari limesimama kwa kiburi. Miezi michache baadaye diski za mbele zinaanza kutetema, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Unganisha wewe. Hilux nyingi za miaka iliyopita zina valvu chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima bodi imeshuka kiasi gani kuelekea ekseli. Mzigo ukiingia bodi inashuka, fimbo inasogea, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, nyuma inapewa kidogo ili matairi yasijifunge na kuteleza. Ukiongeza majani ya springi, mzigo unaingia na bodi haishuki. Valvu inaamini gari ni tupu. Breki za mbele zinasimamisha tani nzima ya viazi karibu peke yake, na joto lote hilo linaingia kwenye diski mbili. Tena kumbuka kwamba ukipunguza mwendo kutoka 100 hadi 50, umeshatupa robo tatu ya nishati yote ya mwendo wa gari, na sehemu yake kubwa imekwenda kuwa joto kwenye breki.

Mwambie fundi airekebishe fimbo hiyo kwa vipimo vya kitabu cha gari. Usikubali aifunge kwa waya, usikubali aikate. Au punguza viazi. Najua hutapunguza, ndiyo maana nimeanza na fimbo.

5. Sasa chafua mikono, lakini kidogo tu.

Njia ya mkato iliyo bora kuliko zote ni brashi ya waya. Weka jeki mahali pagumu, weka stendi, kinga tairi za upande mwingine kwa jiwe zito. Toa gurudumu. Vumbi la pedi usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo, lipanguse kwa kitambaa kibichi. Mapafu hayana spea. Toa kalipa, na hapa fanya jambo litakalowanyamazisha watazamaji: itundike kwa waya kwenye springi au chasisi, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Mtu anayetundika kalipa huheshimiwa hata na asiyejua kwa nini.

Ukiona diski inatoka kwa kuvutwa tu, una bahati. Kwenye Hilux kadhaa za zamani imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, na kuitoa ni kufungua beringi. Hiyo mwachie fundi. Diski ikitoka, tazama pale inapokalia habu. Utakuta kutu na matope yaliyokauka. Punje ya kutu pale katikati inaisukuma diski ikae upande, na kwa kuwa ukingo uko mbali na kitovu, kosa linakua likifika kwenye pedi. Diski iliyokaa upande inaguswa na pedi mahali palepale kila mzunguko, hata breki ikiwa imeachiwa, na baada ya maelfu ya kilomita unene unatofautiana. Watu wananunua diski mpya, wanaifunga juu ya kutu ileile, na mtetemo unarudi kabla ya mwaka kuisha. Sugua habu mpaka chuma king'ae. Dakika kumi kila upande. Hakuna kazi ndogo zaidi ya hiyo inayolipa hivyo.

Ukiwa hapo, jaribu pini za kalipa kama zinateleza kwa mkono. Zikikwama, pedi haiachii na joto haliishi. Zisafishe, zipake grisi maalumu ya breki, siyo ile ya beringi.

Halafu nati. Kijana wa matairi mwenye mashine ya upepo anazikaza moja baada ya nyingine, akizunguka, kwa nguvu zote za kompresa. Diski inabanwa kombo. Kaza kwa mkono kwanza zote, kisha kwa spana ukivuka upande wa pili kila mara, ukimalizia kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Akikucheka, mpe chai. Yeye hashuki Kitonga na gari lako.

6. Azima kipimo, usinunue.

Dayo geji inafungwa pembeni ya diski, sindano ikigusa uso, unazungusha kwa mkono diski ikiwa imekazwa kwa nati. Watengenezaji wengi hutaka sindano isicheze zaidi ya 0.05 mm hadi 0.1 mm, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ikizidi, usikimbilie dukani. Weka alama ya chaki, toa diski, izungushe kwa stadi moja, ifunge upya, pima tena. Mara nyingine upungufu wa habu na upungufu wa diski vinafutana, na sindano inatulia. Huu ni udanganyifu halali kabisa, na haukugharimu chochote isipokuwa soda ya mwenye kipimo. Ila kama sindano haitulii popote, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi inakuita.

7. Kushindwa kwa heshima.

Siku nyingine utashindwa. Basi shindwa hivi. Soma unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe. Kama bado kuna nyama ya kutosha na hakuna madoa ya buluu wala nyufa, mpelekee mkerezaji, zote mbili za mbele kwa pamoja. Zikiwa zimefika mwisho, nunua mbili na pedi mpya. Kukereza chini ya kipimo kile ni kununua diski inayopata moto haraka zaidi na inayoweza kupasuka, na hilo sitakufundisha namna ya kulifanya kwa hila yoyote. Gari lina watu ndani.

Gereji, anza na heshima. "Shikamoo fundi. Inatetema kwenye usukani, ukikanyaga tu, kuanzia 80. Hendibreki nimejaribu, nyuma ni salama. Naomba unisafishie habu kabla ya kufunga, na nati unikazie kwa mkono." Fundi mzuri atafurahi. Fundi mwingine atakutazama upya na kupunguza orodha ya spea. Wote wawili watakuuliza unafanya kazi wapi.

8. Zifundishe pedi mpya.

Diski mpya na pedi mpya bado hazijajuana. Nenda barabara isiyo na watu. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 15 au 20 kwa nguvu ya wastani, usisimame kabisa, ongeza tena, acha upepo upoze kidogo, rudia mara nane hadi kumi. Halafu endesha dakika kadhaa bila breki. Lengo ni kupaka tabaka jembamba la pedi, sawasawa, diski nzima. Wanaoruka hatua hii hupaka doa moja kwenye taa nyekundu ya kwanza, kisha wanasema spea za siku hizi ni feki.

Baada ya kilomita 100 hivi, gari likiwa limepoa, pitia nati zote tena kwa spana kwa mpangilio uleule wa kuvuka. Fanya asubuhi, wakati majirani wanatoka kwenda kazini.