Waraka wa Marehemu

Kuna majarida yanayohariri habari, na kuna The New Yorker, linalohariri hadi pumzi ya msomaji. Jarida hilo la Marekani, lililoanza mwaka 1925, huandika coöperate na reëlect kwa nukta mbili juu ya irabu ya pili, eti msomaji asije akazimeza irabu mbili kwa mpigo. Wamarekani wengine huandika bila nukta, husoma, na hakuna aliyewahi kukimbizwa hospitali.

Malalamiko yamekuwepo miaka nenda, miaka rudi. Mary Norris, aliyekuwa mhariri wa nakala pale kwa miongo kadhaa, amesimulia kwamba mwaka 1978 mwenye mamlaka ya kanuni hizo, Hobie Weekes, alimwambia mwenzake kuwa yu karibu kuzifuta. Waraka ungetoka hivi karibuni. Kisha akafariki. Nukta zikabaki, na nani athubutu kutia saini waraka wa marehemu?

Tusiwaonee lakini. Mwaka 2025 walifanya mapinduzi: in-box ilivuliwa kistari, na Internet ikapokonywa herufi yake kubwa. Wenzao walishamaliza kazi hiyo zamani, ila haraka haina baraka.

Kuhusu koma, usiulize. Mhariri mwanzilishi, Harold Ross, alizipenda mno, na mwandishi wake James Thurber akagombana naye weee, bila mafanikio. Sentensi ya pale ni daladala: husimama kila kituo, abiria awepo, asiwepo.